Niliambiwa sichaguliki: jinsi caucus ya Kimarekani ilivyotuokolea chumba chetu cha Woolwich

Wakuu, nawasalimu nyote, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa jukwaa hili kwa miaka mingi. Leo nimeona niandike, na nitakayoyaandika yalinitokea mimi mwenyewe. Majina nimeyabadilisha kwa sababu wahusika wapo na baadhi yao wanasoma humu. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kilichonisukuma ni mjadala unaoendelea hapa kuhusu kura za mchujo za Marekani. Wengi mmeandika kwamba mgombea wa pembeni, yaani yule asiyetoka katika kundi la wakubwa wa chama, anaweza kupendwa lakini hachaguliki. Mmoja wenu ameandika hivi: "Mimi ningempa kura asubuhi na mapema, ila Wamarekani hawawezi."

Nililisoma neno hilo, hachaguliki, nikatabasamu peke yangu ndani ya treni. Mimi pia niliwahi kuitwa hivyo.

Kwanza mnifahamu kidogo.

Mimi ni mwanamke wa makamo, Mtaita kutoka Wundanyi, Kenya. Naishi Lewisham, kusini mashariki mwa London, na nafundisha masomo ya siasa katika chuo cha vijana wanaojiandaa kwenda chuo kikuu. Kura za mchujo za Marekani ni sehemu ya mtaala wetu, kwa hiyo kila zinapofika huwa nazifuatilia kama wengine wanavyofuatilia ligi ya mpira.

Nililetwa Woolwich na msiba, au tuseme na ugonjwa uliotangulia msiba.

Marehemu mume wangu, Mwakio, alilazwa kwa miezi mingi. Mimi nilikuwa na vipindi vya kufundisha na mtoto wa shule. Mwakio alipozidiwa, Kiingereza kilimtoka kabisa, akabaki na Kiswahili na Kitaita tu. Wauguzi walijitahidi, lakini hakuwaelewa.

Mwuguzi mmoja wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi wadi nyingine akapeleka habari kwenye jumuiya yao ya Woolwich. Wiki ile ile wakaanza kuja wanawake nisiowajua hata kwa sura. Walikaa naye kwa zamu, wakamsimulia habari za mjini, wakamlisha uji, wakamtania. Kila alipofumbua macho alikuta mtu wa kuzungumza naye.

Wengi wao ni Waislamu kutoka Unguja na Pemba. Mimi ni Mkristo na ni Mkenya. Hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu hayo.

Mwakio alipofariki, walinizikia. Anayeishi ugenini anajua uzito wa neno hilo.

Basi nikajiunga na jumuiya yao.

Ilianzishwa na Wazanzibari waliofika hapa miaka iliyofuata Mapinduzi. Baadaye wakaingia watu wa Tanzania bara, kisha sisi Wakenya, na familia chache za Kihindi zilizotoka Afrika Mashariki. Tulikuwa tunakutana kila Jumamosi katika chumba cha kupanga nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka sokoni. Mikeka ya kuswalia ilikaa kabati moja na vitu vya kuchezea vya watoto wa Sunday school, na sijawahi kusikia mtu akilalamikia hilo.

Zamu za kumtunza Mwakio zilipangwa katika chumba hicho. Nililijua hilo baadaye sana.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe.

Ilikuwa majira ya baridi, na Marekani walikuwa katikati ya kura za mchujo. Upande mmoja kulikuwa na mgombea wa pembeni aliyejaza viwanja vya mikutano. Jina lake naliacha, kwa sababu nikilitaja uzi utageuka vita.

Wazee wetu walimpenda sana. Kila Jumamosi, chai ikishamiminwa, mada ilikuwa ni yeye tu. Aliyeongoza mijadala alikuwa Mzee Shaibu, mstaafu aliyefanya kazi ya kuelekeza ndege uwanjani na anayeishi Hounslow, upande wa pili wa jiji. Alivuka London nzima kuja kubishana kuhusu uchaguzi ambao hana kura ndani yake.

Siku moja alinigeukia. "Mwalimu, hebu tueleze. Huyu mtu atapita au hapiti?"

Nikawauliza swali ambalo huwauliza wanafunzi wangu. Nani hapa angempa kura? Karibu mikono yote ikapanda. Nani anaamini atashinda? Ukapanda mkono wa Bi Rukia peke yake, naye akasema aliupandisha kwa sababu anapenda ubishi.

"Sasa mbona hamuamini?" nikauliza.

"Sisi tunamtaka," akasema Mzee Shaibu, "ila tunawajua Wamarekani."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikawaeleza kwamba mgombea wa pembeni huwa na maadui wa aina mbili. Wa kwanza ni wasiompenda, na hiyo ni haki yao. Wa pili ni wanaompenda lakini wanampigia kura mwingine kwa kudhani kwamba jirani zao hawatampenda. Jirani naye yuko nyumbani kwake anafikiri vivyo hivyo. Mwisho wanampitisha mtu ambaye labda hakuna aliyemtaka hasa, kila mmoja akiamini ndiye chaguo la wengi.

Nilieleza kwa ufundi sana, maana ni kazi yangu. Sikujua kwamba muda si mrefu somo lile litanirudia.

Majira ya baridi yakiwa yanaisha, mkataba wa chumba ukawa unakaribia kwisha. Kamati ya kanisa ikatuuliza kama tunaendelea au tunaachia, maana kulikuwa na kikundi cha mazoezi ya dansi kilichokihitaji.

Mwenyekiti wetu, Mzee Khalfan, akatangaza kwamba kwa maoni yake tuachie. Tungekuwa tunakutana majumbani kwa zamu.

Mzee Khalfan ni katika waanzilishi wa jumuiya. Aliyeposa, aliyefiwa, aliyegombana na mkewe, wote walipita mikononi mwake. Akisema jambo, watu huinamisha vichwa na kusema "sawa, mzee." Wakasema sawa.

Mimi sikulala vizuri wiki ile.

Hebu fikirini, wakuu. Nani London ana sebule ya kupokea jumuiya nzima? Wachache, na ni wale wale wenye nafasi. Wasichana wanaotunza wazee kwa zamu wanaishi chumba kimoja wawili au watatu. Hawawezi kumkaribisha mtu, na asiyeweza kukaribisha huona haya kukaribishwa kila mara. Baada ya miezi michache angeacha kuja. Akiumwa huyo, nani angejua?

Kwangu mimi, kukiachia chumba kile kulikuwa ni kuwafungia mlango watu wa aina yangu, wale wanaofika siku ya shida wakiwa hawajuani na mtu yeyote.

Uchaguzi wa viongozi ulikuwa umekaribia. Bi Rukia akanijia jikoni tukiwa tunaosha vikombe. Bi Rukia, niseme mapema, ni mke wa Mzee Khalfan.

"Mwalimu, simama weye."

"Nisimame na nani? Na mumeo?"

"Na mume wangu. Mimi nalala naye nyumba moja, namjua. Kachoka. Lakini hawezi kusema kachoka, kwa hiyo anasema chumba ndicho kilichochoka."

Nikamwambia haiwezekani. Jumuiya ya Wazanzibari na Watanzania iongozwe na mwanamke, Mkenya, Mkristo, tena asiyeishi hata Woolwich? Akanitazama kama mtu anayetazama maziwa yanayotaka kumwagika.

Hata hivyo nikaanza kuuliza watu, taratibu. Hapa ndipo nilipoona maajabu.

Wazanzibari waliniambia, "Sisi tuna mapenzi nawe, Mwalimu, lakini hawa wa bara hawatakukubali." Watu wa bara wakaniambia, "Dada, sisi hatuna shida kabisa, tatizo ni Wazanzibari." Wakenya wenzangu wakanionya, "Madam, Watanzania hawatupi kiti hata siku moja." Wanaume walisema wanawake hawapendi kuongozwa na mwanamke mwenzao. Wanawake walisema wanaume hawatakubali.

Sikukutana na mtu hata mmoja aliyeniambia, "Mimi mwenyewe sikutaki."

Wote wakanipendekezea Bwana Msuya. Huyu ni mfamasia, mtu safi, mpole, Kiingereza chake kimenyooka. Walisema huyo ndiye anayechagulika. Nilipowauliza kama yeye ataendelea na chumba, hakuna aliyejua. Nilipomuuliza mwenyewe, akasema bado anasikiliza maoni ya watu.

Mwisho nikajaza jina langu. Ushujaa haukuhusika hapo. Bi Rukia alikuwa amekaa mbele yangu ananisubiri, na aliniambia haondoki.

Tukawa wagombea watatu, yaani Mzee Khalfan, Bwana Msuya na mimi.

Ndipo Mzee Shaibu alipoleta wazo lake.

Alikuwa ameona kwenye televisheni jinsi watu wa jimbo la Iowa walivyofanya caucus. Hawakuandika karatasi. Walikusanyika ukumbini, kila mgombea akapewa kona yake, na wapiga kura wakaenda kusimama kona ya wanayemtaka, kila mtu akimwona mwenzake. Mgombea asiyefikisha kiwango aliondolewa, na watu wake wakawa huru kwenda kona nyingine.

"Tufanye hivyo," akasema. "Miezi yote hii tunawasema Wamarekani. Na sisi tujione."

Watu wakalipokea kwa kicheko, kama mchezo. Mimi peke yangu sikucheka. Kwa watu wetu, kura ya wazi maana yake ni adabu. Utasimamaje kona inayomtazama baba mkwe wako? Utampaje mgongo mzee aliyesimamia nikaha yako? Wamarekani wa Iowa labda hawana shida hiyo. Sisi tunayo. Nilihesabu kwamba nimekwisha kabla ya kuanza.

Siku yenyewe ikafika. Chumba kilijaa, hata watu wasioonekana mwaka mzima walikuja. (Najua kuna watakaodai picha. Picha hakuna.)

Kona ya Mzee Khalfan ilikuwa karibu na dirisha. Ya Bwana Msuya ilikuwa karibu na mlango. Yangu ilikuwa jikoni, pembeni ya birika la chai. Mzee Shaibu alisimama katikati akielekeza watu kwa mikono yote miwili, kama zamani alipokuwa akiingiza ndege kwenye maegesho.

Kanuni zake zilikuwa rahisi. Mzunguko wa kwanza ni wa kuondoa, na asiyefikisha sehemu ya tano ya waliohudhuria anatoka. Mzunguko wa pili ndio wa kuamua.

Akasema, "Haya, nendeni."

Wakuu, kwa muda fulani hakuna aliyeondoka kwenye kiti.

Kisha Bi Rukia akainuka. Akajifunga kanga vizuri juu ya koti lake, akapita mbele ya mumewe, akasimama.

"Baba Salma, chakula cha usiku utakipata kama kawaida. Lakini chumba nakitaka."

Akaja kona yangu.

Chumba kilipasuka kwa kicheko, na Mzee Khalfan mwenyewe akatikisa kichwa akitabasamu. Nyuma ya Bi Rukia wakaja wale wasichana wa zamu, mmoja mmoja, kisha baadhi ya Wakenya, kisha yule mwuguzi wa Tanga. Nikaona tumefikisha kiwango, kwa shida.

Kona ya Mzee Khalfan ikajaa. Wakwe, wapwa, waliozikiwa, waliofungishwa ndoa. Walisimama wima, wengine wakitazama chini.

Na Bwana Msuya, yule anayechagulika? Kona yake ilikuwa na mkewe, shemeji yake na rafiki mmoja wa kazini.

Waliomuahidi walikuwa wengi, nawajua, kwa sababu walinieleza mimi mwenyewe. Walikuwa wamebaki kwenye viti katikati ya chumba. Kila mmoja alikuwa akingoja kuona wengine wakienda kwa Msuya ndipo naye aende. Walimtaka kwa sababu aliaminika kutakiwa na wengi, na wengi walipokosa kuonekana, sababu ikawa imekwisha.

Miaka yote nilikuwa nalifundisha jambo lile kwa michoro ubaoni. Siku ile nililiona likiwa limekaa kwenye viti vya plastiki, limeshika vikombe vya chai.

Mzee Shaibu akatangaza kwamba Bwana Msuya ametoka.

Msuya ni muungwana. Akasema kwa sauti, "Nimeahidiwa kura na nusu ya chumba hiki, na hapa nimesimama na shemeji yangu, naye nimempa lifti." Watu wakacheka kwa aibu. Kisha akavuka chumba, akaja kwetu. "Dada, mimi nilikuwa nasikiliza maoni ya watu. Hapa ndipo pa kwanza niliposikia mtu akisema anachokitaka."

Baada ya yeye, waliokuwa wamekaa wakaanza kuinuka. Wengine walikuja kwangu, wengine walikwenda dirishani. Kona mbili zikawa zinakaribiana, lakini ya Mzee Khalfan bado ilikuwa kubwa. Nikaanza kutafuta maneno ya kumpongeza.

Mzee akageuka nyuma, akawatazama waliosimama naye.

"Nyinyi mnakitaka chumba hiki au hamkitaki?"

Akasogea hatua moja karibu nao.

"Nauliza. Kwa sababu mimi nilidhani mmechoka nacho. Kila Jumamosi ni malalamiko, mara kuna baridi, mara ni mbali. Nikasema niwapumzishe."

Mkwe wake, Hamadi, akasema kwa sauti ndogo, "Sisi tulidhani wewe ndiye uliyechoka nacho, baba."

Mzee akacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akibeba mzigo ambao si wake.

Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau. "Aliyesimama hapa kwa sababu ya adabu, adabu yake nimeiona, inatosha. Nimempa ruhusa aende anakotaka. Sitakuwa na kinyongo, na atakayenisalimia kesho nitamwitikia."

Hakuna aliyesogea. Ruhusa kama hiyo ni ngumu kuipokea.

Akamgeukia Hamadi. "Nenda. Mke wako yuko kule tangu mwanzo, unajifanya humwoni."

Hamadi akaenda, uso umemwiva. Kisha wakaja wengine. Walipita mbele ya mzee, wakamshika mkono kwanza, kisha wakaja kwetu. Karibu kila mmoja alifanya hivyo, kama watu wanaoaga. Nilijikuta nalia, na sikuwa peke yangu.

Mzee Khalfan akabaki dirishani na wazee wenzake wachache. Bi Rukia akamwita aje naye. Akakataa. "Lazima abaki mtu wa kumpinga huyu Mwalimu, ama sivyo atatufundisha mpaka Magharibi."

Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa, mimi nisiyechagulika. Tukasaini mkataba mpya na chumba tunacho mpaka leo.

Mtaniuliza, na yule mgombea wa Marekani? Hakufika mwisho. Aliyepitishwa alikuwa mwingine.

Kwa hiyo sisemi kwamba kisa changu kinathibitisha lolote kuhusu Marekani. Chumba kimoja cha watu wanaojuana si taifa. Kule hakuna wa kugeuka nyuma na kumuuliza kila aliyesimama anataka nini. Kura nazo kwa kawaida ni kitu cha siri, na siri hiyo ina faida zake. Mimi mwenyewe ningechagua karatasi kuliko kona, na tangu siku ile tumerudi kwenye karatasi. Kuna wagombea wa pembeni ambao hawachaguliwi kwa sababu hawafai, na ni haki yao kushindwa.

Nilichojifunza ni kidogo kuliko hapo. Neno "hachaguliki" halielezi habari za mgombea. Linaeleza tunavyowadhania jirani zetu, na mara nyingi tunawadhania vibaya kuliko walivyo. Mimi niliwadhania vibaya watu walewale waliokaa kando ya kitanda cha mume wangu. Niliogopa Uzanzibari wao na Utanzania wao, ilhali wao walinipokea bila kuuliza kabila wala dini.

Namshukuru Bi Rukia aliyetangulia kuinuka. Namshukuru Bwana Msuya aliyekubali kushindwa mbele ya watu na bado akavuka chumba. Nawashukuru wasichana wale waliokuja mapema huku wana zamu ya kazi mchana.

Zaidi ya wote namshukuru Mzee Khalfan. Angeweza kunyamaza tu, na adabu ya watu ingempa ushindi. Nimesoma na kufundisha siasa kwa muda mrefu, na sijawahi kuona kiongozi akiwarudishia watu heshima waliyompa ili waitumie kumwondoa. Huja kila Jumamosi na hunipinga kila ninapofungua kikao. Mara nyingi huwa yuko sahihi.

Basi, wakuu, uwanja ni wenu. Nawe unayesoma huku ukiwa na mtu wako moyoni, wa Marekani au wa chama cha mtaani kwenu, usinijibu kama atashinda au hatashinda. Niambie kama unamtaka wewe.